Pilipili ya Sikukuu ya Mavuno

Nilipoolewa kutoka Mbeya kwenda Iringa, mzigo wangu mzito kuliko yote ulikuwa kikapu cha chupa tupu. Mama yangu alizifunga moja moja kwa vipande vya khanga kuukuu, akaniambia nikipakate mwenyewe ndani ya basi, utingo asikiguse. Basi liliposimama Igawa na abiria wakateremka kununua mchele wa Usangu na samaki wakavu, mimi nilibaki kitini nimekumbatia kikapu changu. Mzee aliyekaa kando yangu akaniuliza nina mayai mangapi humo ndani hata nimeamua kuyaatamia.

Ilikuwa miaka ya sabini, reli ya kwenda Zambia ikijengwa. Mama yangu alikuwa akipika chakula cha kuwauzia vibarua wa reli pale Mbeya, na mimi nilimsaidia tangu nilipomaliza darasa la saba. Nyama ilikuwa ghali na walaji walikuwa wengi, kwa hiyo ladha ilibidi itafutwe kwenye vitu ambavyo wengine walivitupa. Nyanya zilizopondeka sokoni alizichukua karibu bure, akazipasua, akazinyunyizia chumvi na kuzianika juu ya bati. Zikikauka alizitwanga, na kijiko kimoja cha unga ule kiliamsha sufuria nzima ya maharage. Mbegu za maboga alizikaanga bila mafuta akazisaga na chumvi juu ya jiwe. Majivu ya maganda ya maharage aliyatia maji, akayachuja, na maji yake yalilainisha majani magumu ambayo moto peke yake haukuyaweza.

Lakini kilichowaleta watu mezani kwake ni pilipili. Alisaga pilipili kichaa na kitunguu saumu, akaongeza karoti zilizokunwa ili rangi ipendeze na ukali usiue, kisha chumvi, kisha siki. Siki hakununua. Alitengeneza mwenyewe kwa maganda ya ndizi mbivu zilizotoka Tukuyu, maji, na sukari kidogo, katika chungu kilichofunikwa kitambaa na kuwekwa karibu na mafiga, mahali ambapo moto haukuzimika kuanzia alfajiri mpaka jioni. Kujua kama imeiva hakuonja. Aliinama akaweka sikio kwenye mdomo wa chungu.

"Ikiongea, bado," alisema. "Ikinyamaza, imekuwa siki."

Mume wangu alinipata kwa pilipili hiyo. Alikuwa fundi seremala aliyetoka Iringa kuja kujenga nyumba za kambi za reli. Alikula mpaka machozi yakamtoka, akafuta macho, akaomba aongezewe. Kazi ya kambi ilipokwisha alirudi kwao Ipogolo, na mimi nikamfuata na kikapu changu.

Ipogolo iko chini ya mji wa Iringa, pale barabara kuu inapopita kabla mtu hajapanda mlima kwenda mjini. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa hatua chache kutoka barabarani: vyumba vitatu, jiko la nje, na stoo ya matofali mabichi ambamo mume wangu aliweka mbao na zana zake. Tuliishi wanne: mama mkwe, mume wangu, wifi yangu ambaye alikuwa hajaolewa, na mimi. Chakula kilikuwa ugali na maharage, au ugali na majani ya maboga, na kiungo kilikuwa chumvi, nayo ilitiwa kwa ncha za vidole viwili. Haikuwa kwa sababu ya umaskini tu. Mama mkwe hakuona kwa nini chakula kimshughulishe mtu kuliko ilivyo lazima.

Alikuwa mwenyekiti wa akina mama katika usharika wetu. Hakuwa mtu wa sauti kubwa, lakini akiingia mahali watu walijisogeza. Heshima yake yote ilisimama juu ya jambo moja, nami nilielezwa jambo hilo na wifi siku ya pili tu baada ya kufika: ulanzi haukuingia katika nyumba ile.

Kwa asiyeujua, ulanzi ni maji ya mianzi michanga. Mvua zikianza watu hukata ncha ya mwanzi, hukinga kibuyu chini yake, na asubuhi hukuta kimejaa. Ukiwa mpya ni mtamu, huitwa mtogwa, na wengi huwapa hata watoto. Ukikaa hugeuka mkali, huitwa mkangafu, na huo huwaangusha wanaume njiani. Baba mkwe wangu ulimwangusha mara nyingi, na mara ya mwisho hakuinuka. Walimkuta asubuhi kando ya mto. Mjane wake akasimama kanisani na kuomba usharika uweke kanuni kwamba asiwepo kiongozi mwenye ulanzi ndani ya nyumba yake, uwe mtogwa, uwe mkangafu.

"Ukiruhusu mtogwa asubuhi," alikuwa akisema, "jioni utaufungulia mlango mkangafu."

Kanuni ilipita. Mwaka mmoja kabla sijafika, mwanamke mmoja aliyekuwa katibu wa akina mama, rafiki yake wa tangu usichana, aliwakaribisha wageni wa msiba kwa mtogwa. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyepeleka habari kwa wazee wa kanisa. Katibu akavuliwa kazi na kuwekwa nje ya Meza ya Bwana kwa muda. Tangu hapo alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na hawakusalimiana zaidi ya "Kamwene" ya kupita.

Hayo yote niliyajua. Nayaandika kwanza ili mtu asije akasema sikuambiwa.

Nilikuwa nimekuja na chupa mbili zilizojaa pilipili miongoni mwa zile tupu. Wiki ya kwanza niliogopa kuziweka mezani. Wiki ya pili mume wangu alizidai mwenyewe. Wifi akaonja, akaruka.

"Wifi! Nyie watu wa Mbeya mna matumbo ya bati?"

"Kula taratibu, ipake kidogo pembeni ya ugali," nilimwambia.

"Kidogo kipi? Mdomo umeshaungua, sasa nitaolewa na nani?"

 Mama mkwe alichovya ncha ya tonge, akala. Akachovya tena. Akavuta chupa karibu na sahani yake, akaiacha hapo mpaka mwisho wa mlo. Siwezi kueleza jinsi nilivyofurahi. Mkwe mgeni huishi kwa kuangalia mikono ya mama mkwe, na mkono ule ulikuwa umenipokea. Baadaye alianza kuwaambia wenzake, "Mkwe wangu ana pilipili," kama vile mtu mwingine angesema mkwe wake ana ng'ombe.

Chupa zile zikaisha. Pilipili kichaa ilipatikana, karoti na kitunguu saumu nilivilima nyuma ya nyumba, lakini siki haikuwepo. Katika duka la ushirika rafu zilikuwa na sabuni tu, tena siku za bahati. Ndizi zilifika Iringa zikiwa zimepanda bei njiani, na mtu aliyekula ndizi nusura ale na ganda lake. Nilijaribu malimau, yakaoza ndani ya pilipili. Nilijaribu bila kitu chochote cha uchachu, ikaota ukungu. Mama mkwe aliichovya ile mbovu, akaisogeza chupa kwangu. Nilisikia aibu kana kwamba nimempa mgeni maji machafu.

Masika yalikuwa yanaishia. Kando ya barabara kuu wanawake waliuza ulanzi wa mwisho wa msimu, vibuyu na madebe yamepangwa kwenye nyasi, madereva wa malori wakisimama. Niliona kwamba hakuna chombo hata kimoja kilichozibwa sawasawa. Kila mdomo ulikuwa umesongwa majani tu, na povu lilipenya katikati yake na nzi wakalizunguka. Niliwaona ni wachafu. Niliwaza kwamba mama yangu asingeuza kitu hivyo.

Siku moja tukichambua majani ya maboga nilimuuliza wifi, "Ulanzi usiponywewa unakuwaje?"

"Unachachuka. Unakuwa kama siki. Unamwagwa."

Nikaacha kuchambua. Wifi akaniangalia, akaelewa, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama atakuua."

"Siki siyo ulanzi," nilisema. "Ndizi zinafanywa pombe kwetu, na siki ya ndizi anakula hata mchungaji."

"Basi kamwambie mama hivyo."

Sikumwambia. Mkwe wa miezi michache hamwendei mama mkwe mjane na kuanza kumzungumzia ulanzi. Sikujua hata ningetumia maneno gani. Nilinunua mkangafu uliokwisha kuchachuka, ule uliobaki, ambao muuzaji alitaka kuondokana nao, nikautia katika chungu. Jikoni kwa mama mkwe hapakuwa na nafasi, wala sikutaka akione akauliza. Nikakiweka stoo, gizani, nyuma ya mbao za mume wangu, nikakifunika vizuri kwa sahani ya bati na jiwe juu ili nzi wasiingie. Mume wangu alikuwa na kazi ya kutengeneza madawati mjini, akiondoka asubuhi na kurudi jioni. Mbao zile za nyuma hakuzigusa.

Baada ya hapo mama mkwe alibadilika. Nilikuwa na tabia ya kuangalia mambo na kuyapanga kichwani, na nilidhani ninaangalia vizuri. Jioni alianza kusimama mlangoni kumngojea mwanawe. Akifika, alimsogelea karibu sana, akampokea mfuko wa zana, akauliza, "Umepitia wapi?" Mume wangu alicheka. "Nimepitia barabarani, mama, nipitie wapi tena?" Mama mkwe hakucheka. Siku za Ijumaa aliacha kula. Sala ya jioni ikawa ndefu, na alimtaka mwanawe aongoze, akimtazama muda wote kijana alipokuwa amefumba macho. Mezani alikula kidogo na kuinuka.

Mimi nikahitimisha kwamba chakula changu kimemchosha. Nilijua sababu: pilipili imekwisha. Nikazidi kukiombea chungu changu kiive.

Kipupwe kikaja na baridi yake. Kila asubuhi, mama mkwe akienda shambani, niliingia stoo, nikafunua sahani na kuweka sikio kama nilivyofundishwa. Mwanzoni chungu kiliongea, kama mvua nyembamba juu ya majani. Kisha kikapunguza. Kisha asubuhi moja ya ukungu kikanyamaza kabisa. Nikaonja: uchachu mtupu. Sikufikiri hata kidogo kwamba chungu cha mama yangu kilikaa karibu na moto usiozimika, na kimya chake kilikuwa kimya cha kuiva, wakati changu kilikuwa kwenye sakafu ya udongo katikati ya baridi. Kilikuwa kimelala tu.

Nikasaga pilipili. Uchachu ulizidi, nikaongeza sukari na karoti nyingi. Chumvi nikatia kidogo, kwa sababu nilijua mkono wa mama mkwe. Ikatoka chupa tatu, rangi ya machweo. Nikataka zipendeze kuliko chochote kilichouzwa kando ya barabara. Nikachonga vigunzi vya mahindi mpaka vikaingia kwa kusukumwa, nikavigonga kwa nyundo ya mume wangu, nikavizungushia nta ya mshumaa.

Mama mkwe alizigeuza mkononi, akazitazama kwenye mwanga.

"Umepata siki?"

"Nimepata, mama."

"Basi hizi tusifungue. Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Zitakuwa sadaka ya nyumba hii."

Wifi aliyekuwa anapiga deki chumba cha pili aliangusha ndoo.

Desturi ya sikukuu ya mavuno ni kwamba kila nyumba huleta kitu cha shamba au cha mikono, huwekwa mbele ya altare, na ibada ikiisha vyote hutolewa nje na kunadiwa. Mtu hununua boga kwa bei ya kuku, hulirudisha, linanadiwa tena, na watu hucheka mpaka mchana. Jumapili hiyo jua lilitoka kali baada ya siku nyingi za ukungu. Meza ziliwekwa uwanjani. Magunia ya mahindi, maharage, viazi, kuku waliofungwa miguu, mbuzi mmoja mweusi aliyekula ua la madhabahuni, na chupa zangu tatu, zimesimama mbele kabisa kwa heshima ya mwenyekiti. Zilikaa juani tangu mwanzo wa mnada.

Mnadi alikuwa mzee wa kanisa mwenye maneno mengi, amevaa shati jeupe na tai. Ilipofika zamu ya pilipili aliinua chupa moja juu.

"Hii imetoka nyumba ya mwenyekiti! Mkwe wake kaitoa Mbeya! Mwenye mke anayesema sana wakati wa kula, hii ndiyo dawa yake!"

"Na mwenye mume mroho?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Huyo atapewa chupa mbili!"

Watu wakacheka, bei zikaanza. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mchungaji, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi niliona anataka kutabasamu. Mnadi, ili kuwaonyesha uzito wa kitu chenyewe, akaitikisa chupa.

Mlio ulikuwa kama wa fimbo iliyopigwa kwenye bati. Gunzi liliruka juu ya vichwa vya wanakwaya. Povu jekundu likapanda, likamfunika mzee shati na tai, likamwagika kwenye kiwiko chake. Akaiachia chupa. Mbuzi akakata kamba. Kisha, kabla hatujavuta pumzi, chupa ya pili ikafyatuka yenyewe pale mezani, bila kuguswa na mtu.

Halafu ikaja harufu.

Katika uwanja ule hapakuwa na mtu aliyezaliwa Iringa ambaye hakuijua. Na hata kama wangekuwa na mafua wote, mlio peke yake ungetosha. Watu wa kule hujua tangu utoto kwamba ulanzi hauzibwi. Ukiuziba hupasua chombo, ndiyo maana vibuyu husongwa majani. Hakuna kitu kingine katika nchi ile kinachofanya vile. Nilikuwa nimewadharau wale wanawake wa barabarani kwa jambo ambalo kila mtoto uwanjani pale alilijua, isipokuwa mimi.

Bibi mmoja akasema polepole, "Ee! Huu si mkangafu huu?"

Vijana waliokaa ukutani wakalipuka. "Kumbe kwa mwenyekiti kuna kilabu!" "Kamwene, mama mwenyekiti, tukaribishe!" Mtu akawakemea, wakaendelea kucheka chinichini. Mnadi alikuwa anapapasa, pilipili imemwingia machoni. Aliyemfikia kwanza na maji alikuwa yule aliyekuwa katibu. Alimwosha bila kuinua uso kututazama, na mimi nilitamani atutazame, atucheke, afanye lolote.

Mama mkwe alisimama. Sikuweza kusogea. Mume wangu alikuwa nyuma yangu akiuliza, "Nini? Ni nini?" kwa sababu kweli hakujua. Mama mkwe alikuja mpaka mbele yangu. Nilitegemea kofi, na ningelipokea.

"Kile chungu nyuma ya mbao za mume wako," aliuliza. Hakunong'ona; waliokuwa karibu walisikia. "Kilikuwa cha hiki?"

"Ndiyo, mama."

"Chote?"

"Chote, mama."

"Yeye hakuonja?"

"Hakujua hata kama kipo."

 Akafumba macho, na mbele ya usharika mzima, povu la ulanzi likitiririka kutoka kwenye meza ya sadaka, akasema, "Asante, Bwana Yesu. Asante." Akarudi kwenye kiti chake akakaa, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Watu walitazamana. Walidhani aibu imemgusa akili. Mimi peke yangu nilielewa, na kuelewa kule ndiko kulikonivunja zaidi ya mlio wa chupa. Kusimama mlangoni. Kumsogelea mwanawe mpaka karibu na mdomo. Kufunga Ijumaa. Alikuwa ameingia stoo akanusa, katikati ya zana za mwanawe, harufu iliyomuua mume wake. Na wiki zote zile mimi nilikuwa naangalia na kudhani anataka pilipili.

Tulirudi nyumbani. Mama mkwe alipofika mlangoni ndipo alipotamka, huku anavua viatu: "Kila nikiingia stoo nilikuwa namkuta baba yao amesimama mle ndani. Sikumwuliza kijana. Niliogopa asije akanijibu ndiyo."

"Mama, nisamehe."

"Ungeniambia tu, mwanangu."

Hakusema zaidi ya hapo, siku hiyo wala siku nyingine.

Katikati ya wiki aliitwa na wazee wa kanisa. Niliomba niende naye. Yule mnadi alikuwepo, macho bado mekundu, na kusema kweli alijaribu kumfungulia njia. "Mama, sisi tunajua hukujua. Na tena ilikuwa siki, ilikusudiwa siki. Tuseme ni ajali ya jikoni."

"Kanuni inasema ulanzi usiwemo ndani ya nyumba," mama mkwe alijibu. "Haisemi kama mwenye nyumba awe anajua. Nilipoileta hapa mliniuliza kama mtogwa nao umo. Nikasema umo. Mwenzangu alipowapa wageni wa msiba mtogwa, sikusema ni ajali ya jikoni."

Nikasimama. Nikasema kosa ni langu, waniweke nje mimi. Mzee mwingine akaniambia kwa upole, "Keti, binti. Wewe bado ni Mmoravia, wa kanisa la kwenu Mbeya; hujapokelewa kwetu. Kanuni zetu hazikushiki."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Adhabu ilinipita juu ya kichwa ikamwangukia yeye. Akavuliwa uenyekiti, akawekwa nje ya Meza ya Bwana kwa muda uleule aliopewa katibu wake. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini sijaona nyingine ambayo mtu anakatazwa hata kuibeba.

Jumapili iliyofuata nilimfuata nyuma akiingia kanisani. Alipita benchi la mbele alilokalia miaka yote na kugeuka kabla ya kulifikia, akaja mpaka benchi la mwisho karibu na mlango. Rafiki yake wa zamani alikuwa hapo. Kwa muda mama mkwe alisimama tu, mkono kwenye ukingo wa benchi. Yule mwanamke hakumtazama. Akavuta kitabu chake cha nyimbo, akavuta na mtandio wake, akasogea.

"Huku kuna upepo wa mlango," alisema. "Utakuja na shali."

"Kamwene," mama mkwe alisema, na safari hii haikuwa ya kupita.

Chupa ya tatu ilikuwa imerudi nyumbani. Wifi aliizika kwenye pipa la pumba akiogopa itafyatuka. Mama mkwe aliniambia niilete. Alishika gunzi kwa kitambaa, akalizungusha polepole, akaliachia lipumue kidogo kidogo mpaka likatoka bila kelele. Kisha akamimina pilipili yote katika sufuria, akaiweka motoni, na akanikabidhi mwiko.

"Chemsha mpaka iache kupovuka. Na chumvi uliipunja."

Nikasema nilidhani hapendi chumvi nyingi. Akasema, "Kwenye ugali." Wifi akatoka nje kucheka.

Mvuke wa sufuria ile ulijaza jiko lote, na harufu ya ulanzi ilikuwa ndani yake, ikipungua. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu nami mpaka ikaisha.

Jioni ile mume wangu alichelewa kuliko kawaida. Madawati yalikuwa yanapakiwa kwenye lori. Giza lilianza kuingia. Mama mkwe alikuwa amekwisha kukaa mezani, anapaka pilipili pembeni ya ugali wake, hakugeuza kichwa kutazama njia. Mimi ndiye niliyekwenda kusimama mlangoni, kwa sababu niliona aibu kukaa naye.